Mafuta husomwa na seli: kwa nini kidonge cha kisukari hutuliza pia inflamesheni

Swali: Hujambo Daktari? Nafanya kazi kwenye duka la dawa hapa Donholm, nina diploma ya famasia. Baadhi ya wateja wetu wa kisukari huandikiwa pioglitazoni. Juzi nilisoma kwamba dawa hiyo hushika kipokezi kilicho ndani ya kiini cha seli, kipokezi ambacho kiasili huamshwa na mafuta, na kwamba hutuliza pia inflamesheni. Nimechanganyikiwa, kwa sababu kila siku tunawaambia watu wapunguze mafuta kwani yanachochea inflamesheni hiyo hiyo. Mafuta yanawezaje kuichochea na pia kuizima? Na hizi kapsuli za omega-3 zinazouzwa mjini, zinafanya kazi kwa njia hiyo?

Jibu:

Sijambo, dada. Nianze na fundo lenyewe. Mafuta yakiingia ndani ya seli ya kinga huliwa, na vilevile husomwa. Seli ina protini, ndizo hizo vipokezi, ambazo kazi yake ni kutambua ni mafuta gani yameingia, kisha kubadilisha jeni zinazofanya kazi kulingana na yaliyotambuliwa. Mara nyingi kinachosomwa ni kwamba vita vinakaribia kwisha na sasa ni zamu ya kusafisha na kutengeneza. Hapo inflamesheni, yaani ile hali ya mwili kuwaka, kuvimba na kuuma, huanza kushuka. Lakini mafuta hayo yakizidi uwezo wa seli kuyashughulikia, au yakiwa ya aina nyingine, au yakiingia kwenye seli nyingine, matokeo hugeuka. Kwa hiyo ulichosoma ni kweli, na mnachowaambia wateja pia ni kweli. Ila havizungumzii mafuta yale yale, mahali pale pale, wakati ule ule.

Binadamu ana vipokezi vya kiini 48. Wengi tulivifahamu kwanza kwa sababu ya homoni: kipokezi cha estrojeni, cha homoni ya thairoidi, cha kotisoli. Mwaka 1985 maabara ya Ronald Evans katika Taasisi ya Salk, California, ilipata jeni ya kipokezi cha kotisoli, na baada ya hapo vikaanza kugunduliwa vingine vilivyofanana nacho ambavyo hakuna aliyejua vinaamshwa na nini. Watafiti waliviita vipokezi yatima. Kimoja baada ya kingine vikapata wenyewe, na jambo lililowashangaza wengi ni kwamba wenyewe hao walikuwa mafuta ya kawaida ya mwili. PPAR, ambavyo viko vitatu (alfa, gama na delta), huamshwa na asidi za mafuta. LXR, viwili, huamshwa na oksisteroli, ambazo ni kolesteroli iliyoongezewa oksijeni. Hilo lilionyeshwa mwaka 1996. FXR huamshwa na asidi za nyongo, na hilo lilijulikana mwaka 1999. Karibu vyote hivi hufanya kazi vikiwa wawili wawili pamoja na mwenzao mmoja, RXR.

Ukipita kwenye mjengo wowote Nairobi utamwona nyapara. Hapigi plasta wala habebi zege. Anaangalia lori limeleta nini, kisha anawaambia mafundi leo tunafanya kazi gani. Mchanga ukija kuna kazi yake, mabati yakija kuna kazi yake, na mafundi waliokuwa wakichimba msingi anaweza kuwaambia waache. Kipokezi cha mafuta kina cheo hicho ndani ya seli. Hukaa juu ya DNA, mara nyingi hata kabla ya mafuta kufika, kikiwa kimeshikana na protini zinazoifunga jeni. Mafuta yakiingia kwenye mfuko wake, umbo lake hubadilika, protini za kufunga huachia, za kufungua huja, na jeni huanza kunakiliwa. Zaidi ya hapo, kuna jeni ambazo kipokezi hicho huzizuia zisiwake. Hapo ndipo penye jibu lako.

Chukua mgonjwa wa nimonia. Siku za kwanza mapafu hujaa nyutrofili, seli nyeupe zinazokimbilia vijidudu na kuvimaliza kwa kemikali kali. Nyutrofili haziishi sana. Zinakufa kwa mamilioni pale pale zilipopigania, na zisipoondolewa hupasuka na kumwaga vimeng'enya vyake juu ya mapafu yenyewe. Wa kuziondoa ni makrofaji, seli kubwa zinazomeza. Sasa hebu fikiri: kila seli iliyokufa imezungukwa na utando wenye kolesteroli. Makrofaji moja ikimeza seli kadhaa inakuwa imejitwika kolesteroli nyingi kuliko iliyokuwa nayo yenyewe, na mwili wetu hauna kimeng'enya cha kuvunja pete za kolesteroli. Haichomwi ikawa nguvu kama asidi za mafuta. Ama ihifadhiwe, ama itolewe nje.

Basi sehemu ya kolesteroli hiyo hugeuzwa kuwa oksisteroli, oksisteroli hushika LXR, na LXR hufungua jeni za ABCA1 na ABCG1, pampu zinazoisukuma kolesteroli nje ya seli na kuikabidhi kwa HDL, ile mnayoiita kolesteroli nzuri, iipeleke kwenye ini. Wakati huo huo LXR huongeza MERTK, protini iliyo juu ya makrofaji ambayo hushika seli zilizokufa ili zimezwe. Yaani kumeza maiti za seli kunaiandaa makrofaji imeze nyingine zaidi. Na ya tatu, ambayo ndiyo uliyouliza: LXR huzuia jeni za inflamesheni. Mwaka 2003 kundi la Peter Tontonoz, Los Angeles, lilionyesha kwamba ukiiamsha LXR katika makrofaji, jeni kama za IL-6, protini inayochochea inflamesheni, na ile inayotengeneza naitriki oksidi hushuka hata seli ikiwa imechokozwa na bakteria. Panya wasio na LXR wanapozeeka hurundikana seli zilizokufa ambazo hazijamezwa, na kinga yao huanza kushambulia mwili wao wenyewe, kwa namna inayofanana na ugonjwa wa lupasi. Hilo lilichapishwa mwaka 2009, na kwangu ni moja ya matokeo mazito kabisa katika eneo hili, kwa sababu linaonyesha kwamba inflamesheni haijifii yenyewe vijidudu vikiisha. Lazima izimwe, na kuzima ni kazi yenye jeni zake, mafuta yake na vipokezi vyake.

Inazimwaje? Njia mbili zimechunguzwa vizuri. Ya kwanza ilielezwa mwaka 2005 na kundi la Christopher Glass, San Diego, kwa PPAR gama. Jeni nyingi za inflamesheni katika makrofaji iliyotulia hufungwa na kundi la protini linaloitwa NCoR. Bakteria ikija, NCoR hung'olewa na kuvunjwa, na jeni zinawaka. PPAR gama iliyoshika kiamsho chake hubandikwa kipande kidogo cha protini kiitwacho SUMO, kisha huenda pale kwenye jeni na kuizuia NCoR isiondolewe. Kwa hiyo jeni hubaki imefungwa. Angalia kwamba hapa kipokezi hakikuamsha jeni yoyote; kimeilinda kufuli tu. Njia ya pili ni ya utando wa seli. Vipokezi vya kutambua vijidudu, vile vya kundi la TLR, hufanya kazi vizuri vikikaa kwenye sehemu za utando zenye kolesteroli nyingi. LXR inapoongeza ABCA1 na kolesteroli ikapungua kwenye utando, ishara ya TLR hudhoofika kabla hata haijafika kwenye kiini. Kazi iliyochapishwa mwaka 2015 ilitoa uzito mkubwa kwa njia hii ya pili. Mimi naona zote mbili zipo, na uzito wa kila moja unategemea seli na kichocheo.

Sasa tuje kwenye mishipa ya damu, maana najua ndipo ulipokwama. Kama makrofaji iliyomeza kolesteroli hutulia, kwa nini kolesteroli inaziba mishipa kwa inflamesheni?

Mwaka 1998 iligunduliwa kwamba LDL, ile iitwayo kolesteroli mbaya, ikioksidishwa na kuingia kwenye makrofaji huamsha PPAR gama, na PPAR gama huongeza CD36, mlango unaoingiza LDL hiyo hiyo. Watu walitishika: je, dawa za kisukari za kundi hili zitajaza makrofaji mafuta na kuziba mishipa? Miaka mitatu baadaye upande wa pili ukaonekana. PPAR gama huongeza pia LXR, na LXR huongeza pampu za kutoa. Mlango wa kuingilia na wa kutokea hupanuliwa pamoja. Kisha mwaka 2012 makrofaji zilizojaa mafuta zilichunguzwa katika panya nje ya mishipa, na zikakutwa zimetulia, siyo zimewaka, kwa sababu ndani yake desmosteroli, molekuli iliyo hatua moja kabla ya kolesteroli, ilikuwa imelundikana na kuiamsha LXR.

Kinachoharibu mambo kwenye ukuta wa mshipa ni kwamba lori haliachi kuja. Nimonia huisha, seli zilizokufa huisha, makrofaji humaliza kazi yake. Lakini mtu mwenye LDL ya juu kwa miaka 30 analeta mzigo kila siku. Pampu huelemewa, kolesteroli huganda kuwa fuwele ndani ya seli, na fuwele hizo huamsha mtambo wa NLRP3 unaotoa IL-1 beta, saitokini (protini ya kupelekeana ishara kati ya seli) kali ya inflamesheni. Hilo lilionyeshwa mwaka 2010. Mwaka 2017 jaribio la CANTOS, lenye wagonjwa 10,061 waliowahi kupata shambulio la moyo, lilizuia IL-1 beta kwa kingamwili ya kanakinumabu bila kugusa kolesteroli kabisa, na kwa dozi ya miligramu 150 matukio ya moyo na kiharusi yalipungua kwa asilimia 15. Lakini waliopata dawa walikufa zaidi kwa maambukizi kuliko wasiopata. Tafadhali weka hilo akilini, tutalirudia tukifika kwenye TB.

Pioglitazoni yenyewe inafanya kazi kubwa zaidi kwenye seli za mafuta kuliko kwenye seli za kinga, na hapa nadhani makala uliyosoma ilirahisisha. PPAR gama ndiyo msimamizi mkuu wa utengenezaji wa seli za mafuta. Dawa ikiishika, mwili hutengeneza seli mpya ndogo za mafuta chini ya ngozi, na asidi za mafuta zilizokuwa zinazagaa kwenye damu, ini na misuli huvutwa huko. Misuli na ini zikipata nafuu, insulini huanza kusikika tena. Tishu ya mafuta yenyewe, ambayo kwa mtu mnene huwa imejaa makrofaji zinazowaka, hutulia. Mwaka 2012 ilionekana katika panya kwamba hata seli T za kutuliza, yaani seli nyeupe zinazozuia kinga isizidi, zinazokaa kwenye mafuta ya tumbo zinahitaji PPAR gama ili ziwepo, na kwamba pioglitazoni huziongeza. Kwa hiyo utulivu unaoletwa na kidonge hicho ni sehemu ya moja kwa moja, ndani ya makrofaji na seli T, na sehemu ya mzunguko, kwa kuhamisha mafuta kuyapeleka mahali salama. Ndiyo maana mteja anaweza kuongezeka kilo huku sukari yake ikishuka, jambo ambalo huwachanganya wengi.

Sasa TB. Nimekusudia kukaa hapa, kwa sababu Kenya ni nchi yenye mzigo mkubwa wa TB na wewe unawahudumia watu hao hao.

Bakteria ya TB ikivutwa na pumzi hukutana kwanza na makrofaji za vifuko vya hewa. Makrofaji hizo zina kazi ya kipekee: husafisha mafuta yanayopaka ndani ya vifuko ili visigandamane. Ili ziumbwe kabisa zinahitaji PPAR gama. Panya waliokosa kipokezi hicho kwenye seli hizo hawakuzipata zilizokomaa, kama ilivyoripotiwa mwaka 2014. Kwa hiyo seli ya kwanza inayoipokea bakteria hii ni seli iliyozoea mafuta na iliyozoea kutulia. Ingekuwa ya hasira, kila vumbi la Outering Road lingetuletea nimonia. Lakini bakteria ya TB imejifunza kuutumia utulivu huo. Ganda lake lina molekuli ambayo huongeza PPAR gama katika makrofaji za binadamu, na mwaka 2010 ilionekana kwamba PPAR gama ikipunguzwa katika seli hizo, bakteria hazizaliani vizuri. Inaweza pia kula kolesteroli ya mwenyeji wake, jambo lililothibitishwa mwaka 2008. Sisi hatuwezi kuivunja, yenyewe inaweza. Makrofaji iliyojaa matone ya mafuta, tulivu, isiyo na hamu ya kuua, ni makao mazuri kwake.

Na bado usikimbilie kusema basi vipokezi vya mafuta ni maadui katika TB. Panya wasio na LXR walipoambukizwa TB waliumia zaidi, wakawa na bakteria nyingi zaidi mapafuni, na kuiamsha LXR kwa dawa kuliwasaidia panya wa kawaida. Hilo ni la mwaka 2009. Vipokezi viwili vya ukoo mmoja, katika ugonjwa mmoja, katika seli moja, na vinavuta pande tofauti. Ndiyo maana siukubali usemi wa "hiki kinapunguza inflamesheni" unapotajwa peke yake kama sifa, bila kusema ni katika seli ipi na ugonjwa upi. Katika CANTOS uliona gharama yake. Kwa upande mwingine, TB ikifika kwenye utando wa ubongo, inflamesheni yenyewe ndiyo inayoua: jaribio la Vietnam lililochapishwa mwaka 2004, lenye wagonjwa 545, lilipunguza vifo kutoka asilimia 41.3 hadi 31.8 kwa kuongeza deksamethasoni juu ya dawa za TB. Deksamethasoni hushika kipokezi cha kotisoli, ndugu wa hawa wote, na kotisoli yenyewe hutengenezwa kutoka kwa kolesteroli. Dawa hiyo hiyo mwaka 2020, katika jaribio la RECOVERY la Uingereza, ilipunguza vifo kwa theluthi moja kati ya wagonjwa wa Covid waliokuwa kwenye mashine za kupumulia, lakini haikuwasaidia wale ambao hawakuhitaji oksijeni. Wakati na mahali, dada. Kila mara ni wakati na mahali.

Kwa kuwa tumegusa TB, wateja watakuuliza kuhusu vitamini D. Hutengenezwa ngozini kutokana na molekuli inayokaribia kuwa kolesteroli, na kipokezi chake, VDR, ni cha ukoo huu. Mwaka 2006 ilionyeshwa kwamba makrofaji ya binadamu ikiitambua bakteria ya TB huigeuza vitamini D kuwa hali yake hai, VDR huamka, na seli hutengeneza kathelisidini, protini inayoua bakteria hiyo. Ni kazi nzuri sana, na ilileta matumaini makubwa. Lakini mwaka 2020 yalitoka matokeo ya jaribio lililofanywa Mongolia kwa watoto wa shule 8,851, wengi wao wakiwa na upungufu wa vitamini D. Walipewa kidonge kila wiki kwa miaka mitatu. Hakukuwa na tofauti katika maambukizi ya TB kati ya waliopata vitamini na waliopata kidonge kisicho na dawa. Anayekuja kununua vitamini D ili asipate TB, mwambie ukweli huo.

Vitamini A ni habari nyingine. Ndani ya seli hugeuka kuwa asidi ya retinoiki, ambayo hushika vipokezi vya RAR. Kwenye utumbo, seli za kinga zinazokusanya sampuli za chakula na bakteria hutengeneza asidi hiyo na kuzielekeza seli T zirudi utumboni, na nyingi kati yake zigeuke kuwa za kutuliza. Bila hivyo kinga ya utumbo hupungukiwa na askari na pia na wapatanishi. Ukiona watoto wa miezi 6 hadi 59 wakidondoshewa vitamini A kila baada ya miezi sita kwenye kliniki zetu, macho ni sababu moja tu. Kuhara na surua pia ni sababu. Huu ni mfano ambapo kujaza upungufu wa kiamsho cha kipokezi hufanya kazi, kwa sababu upungufu upo kweli.

Kuna dawa nyingine kwenye rafu yako ambayo pengine hukuiweka kundi hili: mesalazini, ya vidonda vya utumbo mpana. Mwaka 2005 watafiti wa Ufaransa walionyesha kwamba hushika PPAR gama kwenye seli za ukuta wa utumbo, na panya wenye upungufu wa kipokezi hicho hawakunufaika nayo ipasavyo. Dawa hiyo ilikuwa imetumika miaka mingi kabla mtu hajajua hilo.

Pengine unajiuliza kwa nini hakuna kidonge cha LXR, ikiwa inafanya mazuri yote niliyoyataja. Kimejaribiwa. Shida ni kwamba LXR kwenye ini huamsha utengenezaji wa mafuta mapya, na mtu aliyetaka kusafishwa mishipa huishia na trigliseridi (mafuta yanayosafiri kwenye damu) za juu na mafuta ndani ya ini. Dawa moja iliyojaribiwa kwa binadamu, matokeo yake yakatoka mwaka 2016, iliongeza pampu za kolesteroli kama ilivyokusudiwa, lakini iliongeza pia trigliseridi na LDL na kupunguza nyutrofili za damu. Kipokezi ni kimoja, seli ni nyingi, na kidonge hakichagui seli. Kwa maoni yangu, atakayepata namna ya kuifikisha dawa hiyo kwenye makrofaji peke yake, bila kugusa ini, atafungua mlango mkubwa. Kwa PPAR kuna hatua zilizopigwa: mwaka 2024 Marekani iliidhinisha elafibranori na seladelpari kwa ugonjwa wa ini unaoharibu mirija midogo ya nyongo. Kwa upande mwingine, pemafibrati, ya PPAR alfa, ilishusha trigliseridi katika jaribio la watu 10,497 lililochapishwa mwaka 2022, na mashambulio ya moyo hayakupungua hata kidogo.

Omega-3 sasa. Ndiyo, kwa sehemu. EPA na DHA, mafuta ya samaki, huingia kwenye mifuko ya PPAR, na DHA huamsha pia RXR. Lakini mshiko wake ni hafifu sana ukilinganisha na wa pioglitazoni, ambayo ilitengenezwa maabara na inakaa pale kwa nguvu. Tena omega-3 ina njia nyingine ambazo hazipiti kwenye kiini: kipokezi cha GPR120 kilicho juu ya seli, na molekuli ziitwazo resolvini ambazo mwili huzitengeneza kutoka kwa mafuta hayo ili kumaliza inflamesheni. Kwa hiyo usimwambie mteja kwamba kapsuli ni mbadala wa kidonge chake. Jaribio la VITAL lilifuatilia watu 25,871 kwa takriban miaka mitano. Gramu moja ya omega-3 kwa siku haikupunguza kwa kiasi cha kuaminika jumla ya mashambulio ya moyo, viharusi na vifo vya moyo. Dozi ya gramu nne kwa siku imetoa majibu yanayopingana katika majaribio makubwa mawili, na dozi kubwa huongeza uwezekano wa mapigo ya moyo kwenda mrama. Kwa mtu mwenye afya na pesa za kuhesabu, namshauri anunue omena sokoni. Atapata EPA na DHA, protini na kalisi, kwa bei ndogo kuliko chupa ya kapsuli.

Jambo moja la VITAL hilo hilo, ambalo lilijaribu pia vitamini D, lilinivutia: matokeo yaliyotolewa mwaka 2022 yalionyesha kwamba waliomeza vitamini D walipata magonjwa ya kinga kujishambulia kwa asilimia 22 chini ya wengine. Hao ni Wamarekani wa miaka 50 kwenda juu. Siyo sababu ya kumwuzia kila mtu, lakini linaendana na yale niliyokueleza kuhusu kuzima inflamesheni.

Kwa kazi yako ya kila siku, pioglitazoni ina mambo ya kuangalia yanayotoka moja kwa moja kwenye kipokezi chake. PPAR gama ipo pia kwenye figo, ambako dawa huufanya mwili ushike chumvi na maji. Mteja akisema miguu imevimba, kilo zimepanda ghafla au anakosa pumzi akipanda ngazi, mrudishe kwa daktari siku hiyo. Mwenye moyo ulioshindwa kusukuma damu hapaswi kuitumia kabisa. Ipo kwenye uboho wa mifupa, ambako huzielekeza seli changa ziwe za mafuta badala ya kuwa za mfupa. Katika jaribio la IRIS la mwaka 2016, lenye wagonjwa 3,876 waliowahi kupata kiharusi au dalili zake za muda mfupi, kiharusi na shambulio la moyo vilishuka kutoka asilimia 11.8 hadi 9.0, lakini mifupa iliyovunjika vibaya iliongezeka kutoka asilimia 3.2 hadi 5.1. Mama mzee aliyewahi kuvunjika nyonga anahitaji mazungumzo kabla ya kuendelea. Na aliyewahi kuugua saratani ya kibofu asipewe.

Tena kuna yule atakayerudi baada ya wiki mbili akilalamika kwamba sukari yake haijashuka na kuomba abadilishiwe. Dawa inayofanya kazi kwa kufungua jeni na kuunda seli mpya za mafuta haiwezi kwenda mbio kama insulini. Mwambie ataanza kuona tofauti baada ya wiki kadhaa, na nguvu yake kamili inaweza kuchukua hadi miezi mitatu. Asiache, asiongeze dozi mwenyewe, na apimwe HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya miezi michache iliyopita, daktari wake atakapompangia.